Nyuzi za Ba

Nilipokuwa mtoto pale Kinondoni, niliamini nimemuua mama yangu, na niliamini kipo kipande cha uzi kinachoweza kunisafisha.

Sisi ni Wahindu. Kila mwaka, wakati wa kipupwe, hekalu letu dogo hufanyiwa utakaso: sanamu za miungu huogeshwa kwa maziwa na maji, kisha huvishwa nyuzi za pamba ili kufuta makosa ya ibada ya mwaka mzima, hata yale ambayo hakuna aliyeyaona. Mwishoni kila muumini hufungwa uzi wake mkononi. Bibi yangu, tuliyemwita Ba, alikuwa na nyongeza yake ambayo sijaikuta kitabuni wala kwa kuhani. Alisema uzi wa mkweli huchakaa wenyewe, ila wa aliyeficha kosa hukatika.

Nami nilikuwa nimeficha. Mama alipolazwa hospitali, Ba aliniagiza niilinde taa ya samli nyumbani, isizimike mpaka mama arudi. Zuhura wa nyumba ya pili akaja kuniita tukacheze rede. Niliporudi, utambi ulikuwa mweusi. Nikauwasha upesi, nikanawa mikono, nikanyamaza. Siku ya tatu mama akafariki.

Nilikuwa na miaka tisa. Watu walijaa nyumbani, wakanilisha, wakanisuka nywele, na sijapata kuwa mpweke kiasi kile.

Siku ya utakaso kuhani alinifunga uzi, nami nikaubana mkono kifuani njia nzima. Tulipofika getini kwetu, ukakatika. La kuvunda halina ubani, nikajiambia, nikauficha kwenye mkebe wa shule.

Jioni Ba aliutazama mkono wangu.

"Uzi wako uko wapi?"

"Umeanguka bafuni, Ba."

"Haya, njoo ule."

Uzi wake yeye mimi sikuutazama.

Tuliendelea kulala chumba kimoja miaka minane, vitanda viwili na feni moja, na sikumwambia kamwe. Alipofariki nilipewa kazi ya kupanga vitu vyake. Chini ya sari nilikuta kopo la biskuti limejaa nyuzi, kila uzi umeviringishwa kwenye kikaratasi chenye mwaka wake. Zote zilikuwa zimekatika. Nilitafuta wa mwaka aliofariki mama, nikaukuta.

Siku hizi naishi Mbweni, na nina umri wa kujua kwamba uzi wa pamba hukatika tu, na kwamba taa ile haikumuua mtu. Sijui Ba alikuwa akificha nini. Pengine naye siku moja alisinzia kando ya taa. Kinachoniuma mpaka leo ni ile jioni: uzi wake labda tayari ukiwa koponi, wangu mkebeni, nasi tumeketi meza moja tunakula wali na dengu, kila mmoja peke yake.