Nilivyofukia laptop ya binti yangu kwenye gunia la mpunga

Sifa zimrudie Mungu, aliyenipa mvi na bado ananipa sababu ya kucheka.

Amani kwenu wakuu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Ngao, na haya yalitokea nyumbani kwangu juzi. Sitaongeza chumvi. Sukari iliyomwagika inatosha.

Binti yangu Neema anasomea uuguzi. Alikuja likizo na laptop yake, na ndani yake kulikuwa na ripoti ya mwisho ya masomo. Ilitakiwa itumwe kabla ya Ijumaa jioni. Ikichelewa, anarudia muhula mzima.

Alhamisi aliniachia laptop nichape maombi ya ibada, yeye akaenda kumwona shangazi yake. Nikiwa natafuta herufi kwa kidole kimoja, kiwiko kikagonga kikombe.

Chai ya maziwa, na mimi sukari sibanii.

Ni matone machache tu yaliyofika kwenye keyboard, upande wa kushoto. Nikaizima, nikafuta juu juu.

Nilikuwa nimesikia kwamba kifaa kikilowa unakifukia kwenye mchele. Mchele uliokuwepo ulikuwa wa kupika siku hiyo. Lakini gunia la mpunga wa shambani lilikuwa hapo pembeni limejaa. Nikajiambia, kwani mchele si mtoto wa mpunga?

Nikafukia.

Wanaolima wameshaelewa. Mpunga una makapi, na una vile vinywele vinavyowasha shingo ukibeba gunia. Vyote vikaingia chini ya vitufe, vikakutana na sukari.

Ijumaa asubuhi tulipoifukua, A, S na Z zilikuwa zimeganda. Password ya Neema ina A, tena mbili. Ripoti imo ndani, sisi tuko nje.

Najua mtauliza kwa nini hatukuchomeka keyboard nyingine. Neema alipiga simu dukani, mjini Garsen, akaambiwa zimekwisha.

Hakunikaripia. Alikaa tu akitazama skrini, na hilo liliniumiza kuliko kelele. Nikaomba kimoyomoyo.

Hapo akaingia Guyo, rafiki yangu Muorma, mfugaji anayetuletea maziwa. Akasikiliza kisa chote, akaikagua laptop.

"Ninyi wakulima Wapokomo kila kitu mnapanda," akasema. "Hii itaota lini?"

"Yaliyoigandisha ni maziwa yako," nikamjibu.

"Maziwa yangu hayana sukari, Baba Neema. Hiyo ni yako."

Neema akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha Guyo akatoa kibano chake cha chuma, kile wafugaji hutembea nacho cha kung'olea miiba.

Neema akatoa betri, akabandua vitufe vile vitatu taratibu kwa ukucha.

"Binti yangu, nimulikie tochi," Guyo akasema. "Nimezoea kutoa miiba kwa watu wanaopiga mayowe. Huyu amenyamaza, ni mgonjwa mzuri."

Akachomoa kapi moja moja. Neema akafuata nyuma yake na pamba iliyotiwa spiriti kidogo, ile ya kusafishia vidonda, akifuta sukari. Kazi yangu ilikuwa kutogusa kitu.

Tukaacha ikauke vizuri, kisha vitufe vikarudishwa. S ikaruka juu. Z ikaruka. A ikalala palepale.



Guyo akaomba kitufe kitolewe tena. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa keyboard, akasema "Bismillahi", akavuta kinywele kimoja kilichojificha pembeni.

Neema akaandika password. Ikafunguka.

Ripoti ikaenda kwa bando la simu yangu kabla ya adhuhuri. Guyo akapewa chai, lakini akainywa uani, kwa amri ya muuguzi. Mimi pia.

Nilichojifunza wakuu: ikimwagikiwa, izime, chomoa chaji, toa betri kama inatoka, igeuze kifudifudi, uwe na subira. Kitufe kikiganda, spiriti kidogo sana na mkono mtulivu. Nafaka ziache zikapikwe. Na jirani anayekutania asubuhi, mpe kiti, huenda ndiye jibu la maombi yako.

Wenye njia bora zaidi tufundisheni hapa chini. Wanaotaka kunicheka pia wana nafasi, Guyo amewatangulia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akijaze kikombe chako, na akiweke mbali na kiwiko chako. Amina.