Salamu Iliyomwandama Dani

Nikiwa mtoto, miaka michache baada ya uhuru, kwetu karibu na Magunga dawa ilikuwa na masikio. Ndivyo tulivyolelewa. Anayekwenda kuchimba mzizi hasemi na mtu, kwenda wala kurudi. Akiitikia salamu, nguvu ya dawa inabaki njiani. Nachoka hata kuyasimulia haya, lakini wajukuu hawaishi kuuliza, basi wacha niseme.

Baba yangu alivimba miguu. Alivimba mpaka viatu vya kanisani vikakataa, na usiku alilala ameketi, maana akilala chali pumzi inakatika. Nyanya, mama yake, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Dani, alibonyeza kidole gumba kwenye muundi wa mwanawe, pakabaki shimo. "Ni maji," akasema. Alfajiri akachukua jembe akaenda porini.

Alirudi na mizizi, uso umemshuka. Njiani alikuwa amekutana na Mama Achieng', jirani aliyemzika mtoto wake wiki hiyo hiyo. Yule mama alimwambia, "Oyawore," kumwamkia, na Dani akaitikia.

"Ningempitaje?" alituuliza pale uani. "Mtu na msiba wake, nimpite kama gogo?"

Baba mdogo akafoka. "Tupa hiyo, Mama! Kachimbe mingine kesho."

"Kesho? Hebu mwangalie ndugu yako anavyopumua!"

Akachemsha ile ile. Akanywa kwanza yeye mwenyewe, maana mchimba dawa hampi mgonjwa asichokionja, akakaa kungoja. Kufika mchana alikuwa ameenda kukojoa mpaka amechoka, anacheka, "Inafanya kazi, jamani!" Ndipo akampa Baba. Haki ya Mungu, miguu ilishuka. Siku si nyingi kidole hakikuacha shimo tena, Baba akavaa viatu vyake, na Sabato ile tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Kabla ya mavuno Baba akafa. Alianguka tu shambani, hana uvimbe wowote.

Matangani Baba mdogo hakufoka. Alisema polepole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Mama, uliitikia salamu." Dani hakuchimba dawa tena maisha yake yote. Watu walimletea wagonjwa, akawaambia mkono wake umeharibika. Nilimchukia Baba mdogo, na sijui kama nimemaliza.

Mwaka juzi alikuja binti wa chuo kikuu, anapima mimea ya huku. Nikamwonyesha ule wa Dani. Aliporudi akaniambia wameujaribu kwa panya, na kweli unatuliza uvimbe na kumfanya mtu akojoe sana. "Lakini nyanya," akasema, "kama baba yako moyo ndio uliochoka, maji yangetoka na moyo ubaki vile vile."

Nikamuuliza kama kuna tofauti yoyote mchimbaji akisalimia mtu njiani. Alidhani namtania. "Hakuna, nyanya!" akacheka.

Mimi sikucheka. Dani alikufa akiamini amemuua mwanawe kwa kumhurumia mama aliyefiwa. Sasa nimemzidi umri, jibu ninalo, na wa kumpa hayupo. Siku nyingine nikiwa peke yangu jikoni namwambia tu kwa sauti: Dani, ni moyo wake uliochoka. Haikuwa salamu.