Mgongo wa Bizumuremyi

Ukiitazama ile filamu utaona uso wa Shema. Shema ni mwigizaji wa Kigali, kijana mtanashati, na walimpaka masizi na kumchania shati ili afanane na mtu aliyepigwa na maisha. Lakini kila mara yule mtu wa kwenye filamu anapogeuka na kuanza kupanda mlima na gunia, yule si Shema tena. Ule ni mgongo wa Bizumuremyi, mchukuzi wa Cyanzarwe, na anayebisha aende Petite Barrière, kwenye kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, akawaulize wachukuzi wenzake. Watamwambia wanaujua mgongo ule kuliko wanavyozijua sura za mashemeji zao.

Siku ya kwanza ya kupiga picha Shema alitwishwa gunia la viazi. Alikwenda hatua kumi na moja, magoti yakamlegea, viazi vikatapakaa bondeni, na akina mama waliokuwa wakipalilia karibu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kirezi, binti aliyekuwa akiongoza filamu, hakucheka. Alimgeukia Bizumuremyi, ambaye walikuwa wamemwita aje tu kumfundisha kijana namna ya kubeba, akamwambia kwa Kiswahili chake kinyoofu, maana wazazi wake walirudi kutoka Tanzania: "Mzee, tusaidie. Uso tunao. Tunakuomba mgongo."

Bizumuremyi alikubali. Kwa wiki tatu alipanda na kushuka milima yake mwenyewe, akibeba mizigo ambayo hakuna mtu aliyeisubiri upande wa pili.

Sasa, ili uelewe kilichotokea baadaye, lazima umjue mtu huyu alikuwa na sifa gani. Bizumuremyi alizaliwa Masisi, upande wa Congo, akavuka mpaka kuja Rwanda na wazazi wake akiwa kijana, na tangu hapo amekuwa akibeba mizigo ya watu kwenda Goma. Kwenye njia ya kushukia mpakani upo ukuta wa mawe meusi ya volkano, wa kimo cha kiuno. Wachukuzi wote hutua mizigo yao pale, wakavuta pumzi, wakataniana, wakatwishana tena. Bizumuremyi hatui. Katika miaka yote ile hakuna aliyemwona ameegemeza gunia ukutani, na wenzake wamechoka kumtania. "Muzee, hata kamyo ya mizigo inapumzikaka!" humpigia kelele Sibomana, mchukuzi mwenzake. Naye hupita tu, shingo imemsimama, jasho linamtiririka hadi visiginoni. Wanawake wanaouza nyanya na mayai humgombania yeye, kwa sababu mzigo usiotuliwa njiani haupondeki.

Mtu wa namna hiyo hana maneno mengi. Maneno alikuwa nayo mkewe, Nyirasafari, na maneno yake makubwa yalikuwa haya: mume wangu hajui kukaa chini.

Aliyasema kwa sababu moja. Mtoto wao wa kwanza, Belise, alishikwa na homa akiwa na miaka sita. Ilikuwa Aprili, mvua ile inayonyesha kama imetumwa. Nyirasafari alikuwa na kichanga cha siku tisa, hakuweza kwenda popote. Barabara ilikuwa imekatwa na maji na pikipiki hazikuweza kupanda. Bizumuremyi alikuwa amerudi kutoka mpakani jioni iliyotangulia, siku ya pili mfululizo ya kubeba, akakesha na mtoto. Kulipopambazuka alimfunga Belise mgongoni kwa kitenge cha mama yake akashuka naye kwenda kituo cha afya. Saa sita alirudi amembeba mikononi.

"Nilikimbia, sikusimama," alimwambia mkewe siku ile. "Amekufia pale kwenye mulango, mikononi mwa muuguzi."

Nyirasafari aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Miaka kumi na mmoja imepita, kile kichanga, Manzi, sasa anakwenda shule, na bado watu wa mlimani huwaita hao wawili Mama Belise na Papa Belise. Na kila mama aliyefiwa na mtoto pale Cyanzarwe, Nyirasafari humwendea, akakaa naye, na kabla hajaondoka humwambia: mimi angalau najua baba yake Belise alifanya yote. Hakusimama hata mara moja. Huo ndio ulikuwa mto wake wa kulalia, na sioni kwa nini mtu amlaumu.

Ila haikuwa kweli.

Kweli yenyewe aliijua Bizumuremyi peke yake, mpaka wiki ya pili ya kupiga picha, ambapo mvua iliwanyeshea ghafla na wote wakakimbilia kibanda cha kukaushia mahindi kilicho nusu ya njia ya kwenda kituo cha afya. Wengine walifunika kamera. Bizumuremyi alibaki mlangoni, amelowa, hataki kuingia. Kirezi alimfuata akamuuliza ana nini. Mtu aliyenyamaza miaka kumi na mmoja hunyamaza vizuri sana, halafu siku moja anaulizwa swali dogo na mtu asiyemjua, yote yanamwagika. Alimwambia kwamba siku ile miguu ilimkatika hapo hapo. Kwamba alisema moyoni nitapumua kidogo tu. Aliingia kibandani, akaketi, akampakata mtoto, akaegemea mahindi, na usingizi ukamchukua. Alipozinduka mvua ilikuwa imepungua na mtoto amepoa. Muuguzi hakupokea mgonjwa, alipokea maiti.

Kirezi alilia. Kesho yake akaja kuomba ruhusa: angeweza kuliweka jambo hili kwenye filamu, bila kutaja jina la mtu? Na Bizumuremyi akasema weka.

Usimcheke. Yeye alijua filamu za namna hii hutengenezwa kwetu zikaenda kutazamwa na Wazungu huko Ulaya, au na watu wa Kigali wenye viyoyozi. Waliwahi kuja wengine wakapiga picha za wavuvi wa ziwani, na hakuna mvuvi aliyewahi kuiona hiyo filamu. Alidhani anaitupa siri yake mbali, mahali ambapo mkewe hatafika. Hata ule mfano wa mtoto walipomfunga mgongoni, mdoli mzito uliojazwa mchanga, na wakamwambia aingie kibandani akae, alikaa. Wanasema alikaa vizuri mno, hawakurudia.

Mwaka haukuisha, Kirezi akarudi. Filamu ingeonyeshwa kwenye ukumbi mmoja mjini Gisenyi, Jumamosi mchana, na watu wa mlimani wangeletewa basi. Wenye milima yao waione kwanza, alisema binti wa watu, kwa moyo mweupe kabisa.

Kuanzia siku hiyo Bizumuremyi hakula akashiba. Alimwambia mkewe ukumbi ule una joto. Akamwambia filamu yenyewe ni ndefu na ya huzuni, watu watasinzia. Akamwambia nani atabaki na mbuzi.

"Mbuzi itabaki na mbuzi wengine," alijibu Nyirasafari. "Papa Belise, mi sijawahi kukuona kwenye televizyo. Unanifichaka nini?"

Bizumuremyi akatoka kwenda kuwakatia mbuzi majani. Nyirasafari alikwenda kwa fundi wa Mbugangari akashonewa gauni la kitenge lenye mabega yaliyosimama, akalivaa asubuhi na mapema, akakaa nalo wima kwenye basi ili lisijikunje.

Ukumbini waliketi mstari wa tatu. Taa zilipozimwa na mgongo wa kwanza ukatokea kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea, Nyirasafari alipiga kelele, "Ile iko mugongo yake! Ya bwana yangu!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi. Akamshika mumewe mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, akadhani ni haya.

Kwa saa nzima kila mtu alikuwa na furaha ya kujiona. Njia ile, mawe yale, shamba la fulani. Kisha ikanyesha mvua kwenye filamu. Shema, kwa uso wake, alimfunga mtoto. Kisha akageuka, na mgongo wa Bizumuremyi ukashuka mlima na mtoto, ukafika kwenye kibanda, ukayumba, ukaingia, ukakaa. Kamera haikuondoka pale. Bizumuremyi hakutazama kitambaa, alitazama mikono ya mkewe. Aliiona ikimwachia, ikarudi mapajani, ikakunja kile kitenge kipya.

Mwisho taa zikawashwa, na Kirezi akasimama mbele kukaribisha maswali. Nyirasafari hakungoja kipaza sauti. Akikasirika, Kinyarwanda humkimbia na Kiswahili cha Masisi, alikotoka yeye pia, chenye Kifaransa ndani yake, ndicho kinachobaki.

"Ma fille, we binti, umefanya mubaya," alisema. "Tulikupokea nyumbani, ukakula viazi yetu. Batu wote hapa wanajua ile ni hadisi ya mutoto wangu. Juu ya nini umeweka ile uongo? Bwana yangu hakukaa! Alikimbia mpaka kwa docteur. Umekamata mugongo yake mwenyewe ukamukalisha!"

Minong'ono ikaanza, watu wakageuka kumtazama Bizumuremyi. Kirezi naye alimtazama, mara moja tu, na katika kutazama kule alimpa nafasi. Bizumuremyi aliinamisha kichwa. Ulimi ulikuwa mzito kuliko gunia lolote, naye siku hiyo hakuubeba.

"Nisamehe, mama," alisema Kirezi. "Sehemu hiyo niliitunga mimi."

"Donc umetunga. Bon. Itoe."

Watu wakampigia makofi Nyirasafari. Mzee mmoja nyuma akasema hawa watoto wa mjini hawana adabu, na wengine wakaongeza ya kwao. Binti alisimama akayapokea yote, machozi yamemjaa, hakumtaja mtu. Bizumuremyi alikuwa amebeba mizigo ya watu maisha yake yote. Siku hiyo aliona mtu mwingine akibeba wa kwake, akamwacha abebe. Ninampenda mzee huyu, lakini hapo alinitia aibu.

Basi liliwashusha mahali lami inapokwisha. Jua lilikuwa bado halijazama, na moshi wa volkano ya Nyiragongo ulikuwa umelala upande wa Congo kama kawaida yake. Wakaanza kupanda, mke mbele, mume nyuma, na njia nzima Nyirasafari alimfariji. Asiwe na wasiwasi. Watu wote wamesikia. Jumapili atawaomba kanisani wamwite yule binti aje aombe radhi mbele ya waumini, jina la Papa Belise lisafike. Kila neno la faraja lilikuwa likimchoma Bizumuremyi zaidi ya matusi.

"Na si kosa yake yote," aliendelea Nyirasafari, akihema. "Hajazaa bado, yule. Mutu mwenye alizaa hawezi kuwaza kitu kama ile. Eti baba analala, mutoto iko inakufa kwa mapaja yake. Nani anaweza kuwaza ile?"

Bizumuremyi alisimama. Nyirasafari alikwenda hatua kadhaa kabla hajagundua kwamba hasikii miguu nyuma yake. Aligeuka.

"Hakuwaza yeye," alisema Bizumuremyi. "Mi njo nilimuambia."

"Ulimuambia nini?"

"Vile ilikuwa."

Watu wawili waliokuwa wakiteremka na majembe waliwasalimu, hawakujibiwa, wakapita. Nyirasafari alimtazama mumewe kuanzia miguuni kwenda juu, polepole. Alikuwa amefungua mdomo, na mimi ningetegemea kelele, maana mwanamke huyo kelele anazo. Lakini aliufunga. Akakusanya gauni lake jipya akaketi chini, palepale kwenye vumbi la njia, mabega yale ya fundi yakiwa bado yamesimama. Bizumuremyi alitaka kuketi pia, akaona hana haki hiyo, akabaki wima.

Kivuli cha mlima kiliwapita.

"Ulikaa wapi?" aliuliza Nyirasafari, bila kumtazama. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kwa ile kibanda ya mahindi."

Kibanda kile Nyirasafari amepita mlangoni pake kila siku ya soko kwa miaka kumi na mmoja. Ameanika mahindi yake mwenyewe humo ndani. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelezwa njia ya mahali.

"Alikuwa angali anasema?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

Hili hakuwahi kumwambia Kirezi. Halimo kwenye filamu, na halikuwahi kutoka kinywani mwake mbele ya kiumbe chochote.

"Aliniuliza kama tumefika."

Nyirasafari aliinua uso.

"Na we ukamuambia nini?"

"Nikamuambia tumefika."