Nthoki Aulizwa Jikoni

Nthoki wa Kitonga ni mwoga, na hilo si siri wala si matusi. Yeye mwenyewe atakuambia kabla hujauliza. Huogopa lifti, huogopa mbwa, hata wale wadogo wa kubebwa kwapani, na huogopa simu inayolia kabla jua halijatoka. Alipokuwa na miaka tisa nyumba yao ya mabati kule Mukuru kwa Njenga iliungua pamoja na nyingine arobaini, baba yake akiwa zamu kiwandani, na tangu siku hiyo hajawahi kulala bila mfuko wa vitambulisho na vyeti vya watu wote wa kwake kando ya mto. Ameolewa, amehamia mtaa wa Tena, ghorofa ya tatu, nyumba ya mawe yenye maji siku nne kwa wiki, na mfuko ungali pale. Kitonga mumewe humtania kwamba siku ya kiama atafika mbinguni na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyetakiwa kuhamia Chad.

Mambo yalianza Jumapili ya Utume. Kanisa lao ni ukumbi wa kuketi watu mia sita, na mara moja kwa mwaka huletwa mhubiri mgeni wa kuwapasha watu moto. Mwaka huu alizungumzia mji mmoja ukingoni mwa jangwa, vijana wasio na kazi, ngozi za mbuzi zinazotupwa jalalani, na haja ya fundi mmoja tu atakayewafundisha kushona huku akiwasimulia habari za Yesu. Kitonga ni fundi wa ngozi katika soko la Kariokor, mwaka wa ishirini sasa. Viatu, mikanda, mikoba, hakuna asichoshona. Mhubiri aliposema kwamba humo ndani kuna mtu ambaye Mungu anaitaka mikono yake, Kitonga akasimama. Nthoki alidhani anakwenda msalani, akasogeza magoti ampishe.

Vigelegele vikapasuka. Akina mama wawili wa mapokezi wakaja wakamshika Nthoki huku na huku, wakamsimamisha kando ya mumewe, kwa sababu kanisa lile halimwombei mume peke yake. Akasimama pale akitabasamu kwa meno tu. Yeye na Kitonga hawakuwa wamezungumza neno hata moja juu ya jambo hilo.

Lazima nieleze desturi ya kanisa hilo, maana yote yaliyofuata yanatoka hapo. Aliyesimama, jina lake husomwa katika maombi kila Jumapili mpaka siku ya kuondoka, na hakuna mwanamume aliyewahi kwenda mbele kusema amebadili nia. Angeanzia wapi, mbele ya watu mia sita waliompigia vigelegele? Lakini wiki ya sita wazee wa kanisa huja nyumbani. Wanaume hubaki sebuleni na mume. Mke huingia jikoni na Mama Mchungaji, mlango ukafungwa, akaulizwa swali moja: umekubali kwenda? Akisema hapana, safari imekufa. Haulizwi sababu, habembelezwi, na Jumapili inayofuata hutangazwa tu kwamba nyumba ya fulani haijawa tayari. Bila shaka waumini wote, hadi watoto wa Shule ya Jumapili, hujua aliyekataa ni nani.

Kwa hiyo Nthoki alikuwa na wiki sita na neno moja.

Zilikuwa wiki mbaya. Pale zahanati anapofanya kazi ya kuandikisha wagonjwa alianza kuwapa watu kadi za wenzao. Usiku alikuwa akihesabu ya kuogopa. La kwanza lilikuwa Mumbua, binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na mitano, aliye katika shule ya bweni Machakos, ambaye ingebidi aachiwe shangazi yake. Nthoki alipomweleza wakati wa likizo fupi, msichana alikaza uso kama mtu mzima.

"Mathe, mimi niko poa," alisema. "Lakini siku ya wazazi nani atakuja?"

Nthoki akaingia bafuni, akafungua mfereji ili asisikike akilia. Ilikuwa siku isiyo na maji. Mumbua akasikia yote.

La pili lilikuwa Caleb Okumu. Huyu alikuwa dereva, muumini wa kanisa hilohilo, aliyesimama miaka minne iliyopita, akakubaliwa, akaenda na mkewe Nafula nchi ileile. Mwezi wa kumi na moja wa kukaa kule akarudi ndani ya sanduku. Ilikuwa homa, walisema, na hospitali ilikuwa mbali. Nafula bado huketi benchi la tatu, na kila jina la Kitonga liliposomwa Nthoki alijikuta akimtazama kisogo.

Na Kitonga naye, badala ya kumtuliza mkewe, kila jioni alileta habari mpya. Joto la kule huyeyusha gundi ya viatu. Kuna nyoka hulala ndani ya mchanga. Kuna vizuizi vya wanajeshi barabarani, na usipojua lugha yao utakaa hapo kutwa nzima. Aliyasema hayo akitazama sahani yake, kisha akamalizia kwa maneno yaleyale: "Nakuambia tu ujue, Mama Mumbua. Usije ukasema nilikuficha." Fomu za pasipoti alizitia kwenye droo zikakaa wiki tatu, mpaka Nthoki mwenyewe akamwandama waende wakapigwe picha. Chakula cha jioni akawa anakigusa tu na kukisukuma. Anafunga na kuomba, Nthoki akajisemea, na akamheshimu zaidi. Aliona ameolewa na mtu mwadilifu kupindukia, asiyetaka kumpeleka mkewe mahali kwa hila, aliye tayari kumwonyesha ubaya wote ili aamue kwa macho makavu. Mapenzi, jamani, huwa na maelezo ya kila kitu.

Siku nne kabla ya wazee kufika, Nthoki alipiga moyo konde akaenda mtaa wa Umoja kumwona Nafula. Alimkuta akichambua maharagwe kwenye ungo. Baada ya kuulizana hali, akamuuliza moja kwa moja kama hakuwa akiogopa.

"Niliogopa kila siku, dada," Nafula alisema. "Hata kwenda kuteka maji nilikuwa naogopa. Lakini Caleb hakuogopa kitu. Nami nilikuwa namtazama yeye tu, basi siku inapita. Kama mzee wako hatetemeki, utaweza."

Nthoki akauliza: na alipofariki? Nafula akaokota kijiwe, akakitupa nje ya mlango, akasema kwamba hapo hakubaki na wa kumtazama, ndipo akarudi. Hakusema anajuta, hakusema hajuti. Alisema kuna siku hivi na kuna siku vile, na kwamba atakayemwambia tofauti anamdanganya.

Nthoki alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alikuwa akiupima woga wake dhidi ya Kitonga. Miaka kumi na saba ya ndoa. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya upasuaji wa kumtoa Mumbua. Huyu ndiye aliyesimama mbele ya watu mia sita bila kusukumwa. Hofu haikupungua hata chembe, lakini sasa ilikuwa na mahali pa kuegemea.

Jumamosi alasiri wakaja: wazee watatu, mmoja wao mwenye goti bovu aliyepumzika kila baada ya ngazi kumi, na Mama Triza, mke wa mchungaji. Wakanywa chai na mandazi, wakasifu mapazia. Kisha Mama Triza akainuka, akamshika Nthoki mkono, wakaingia jikoni, mlango ukafungwa. Mle ndani hamna nafasi ya watu wawili wenye miili yao. Walisimama karibu kugusana, sufuria ya chai ikitoa mvuke kando.

"Mama Mumbua," akasema yule mama kwa sauti ya chini, "umekubali kwenda?"

Neno lilikuwa limekwisha kaa ulimini. Hapana. Ni neno dogo, na angelitoa, jioni hiyo angelala usingizi, na siku ya wazazi angekuwa Machakos na kapu la chapati. Wakati huo, kupitia mlango, akamsikia Kitonga akicheka na wazee, kicheko kikubwa, kirefu kuliko cha wengine. Akakishika kicheko kile.

"Naogopa, Mama Mchungaji. Naogopa mpaka mifupa inaniuma. Lakini mwenzangu haogopi. Nimekubali."

Mama Triza alimtazama kama aliyekuwa na swali la pili. Desturi inaruhusu moja tu. Akafungua mlango.

Alipotangaza, Kitonga alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Alikirudisha mezani, nusu juu ya kisahani na nusu nje, chai ikamwagika na hakuipangusa. Waliposhikana mikono kwa maombi, Nthoki aliusikia mkono wa mumewe, baridi na maji tele, kama umetoka kufua. Akadhani ni Roho. Maombi yakaisha, wageni wakaaga. Kitonga, ambaye hajawahi kuacha kumsindikiza mgeni hadi getini, alibaki kwenye kiti akisema miguu imekufa ganzi. Nthoki akawafikisha juu ya ngazi, akarudi.

"Kwa nini hukukataa?" Kitonga akamuuliza.

Hakuelewa. Akamwomba aseme tena. Akasema tena, na safari hii machozi yalikuwa yakimtoka, mtu mzima wa miaka arobaini na sita na ndevu zake. Akaeleza kwamba siku ile hajui kilichomsimamisha. Kwamba kabla vigelegele havijaisha alikwisha jua amejiponza. Kwamba tangu hapo hajalala wala chakula hakimpiti. Nyoka, wanajeshi, gundi, yote alikuwa akiyatafuta kwenye simu huko Kariokor ili amletee. Nani asiyejua kwamba Nthoki atakataa?

"Nilikuwa nimekutegemea wewe," akasema.

Hasira ilimjia Nthoki kwanza, hasira ya kutosha kuvunja vikombe, kwamba bwana huyu alitaka kuuficha uso wake nyuma ya gauni la mkewe na kumwacha aonyeshwe kidole miaka yote. Lakini hasira haikukaa. Nyuma yake ikaja hofu mpya, kubwa kuliko zote za wiki sita, kwa sababu ule ujasiri wa mumewe aliouegemea haukuwapo na haukuwahi kuwapo.

"Na mimi nilikutegemea wewe," akamjibu.

Kutoka kwenye ngazi ilisikika sauti ya mzee mwenye goti akiwaomba wenzake wamngoje. Walikuwa bado hawajafika chini. Nthoki akaenda akafungua mlango, akasimama kizingitini.

"Wako ghorofa ya kwanza," alisema. "Nikiwaita watarudi. Lakini utasema wewe, kwa mdomo wako, kwamba umeogopa. Mimi langu nimeshasema. Niite?"

Kitonga akafungua mdomo. Akatazama mlango, akatazama zulia. Nthoki alisubiri. Alisubiri kwa haki kabisa, wala hakumharakisha. Chini wazee wakaanza kushuka tena, hatua kwa hatua, wakimsifu Mama Mumbua kwa imani yake, kisha komeo la geti likalia na sauti zao zikapotelea barabarani.

Nthoki akafunga mlango, akaja akaketi kando ya mumewe, wote wawili wakitetemeka.

"Haya," akasema. "Tunaenda. Na Mungu ajue anapeleka watu gani."