Kilio cha Tanti Nilikitia Ngoma

Ndugu zangu, kosa ni langu, na musinitafutie sababu. Sababu nilishatafuta mwenyewe, zote ziko na aibu.

Miye natengeneza muziki ya kompyuta hapa Bunia. Hakuna gitaa, hakuna waimbaji. Iko miye, mashini yangu, na jirani anayeuliza kila siku wimbo yenyewe itaanza saa ngapi.

Nikapata labeli moja ya ng'ambo, inaishi mu internet tu. Unawatumia muziki, wanaitoa, kila mutu duniani anachukua bure, akipenda anaichanganya na yake. Nikakubali mbiombio. Mwanamuziki wa kimataifa, bila kutoka kitandani!

Sasa, shangazi yangu, Tanti Furaha, njo fundi wa kulia kwa matanga. Kwetu kilio kinaimbwa: unamuita marehemu kwa majina yake yote, unamukumbusha ng'ombe zake, mashamba yake, hata ubishi wake. Tanti akianza, hata wale waliofuata chakula wanalia. Mu familia yeye njo anaanza, wengine wanafuata.

Dada yake mukubwa alipofariki, niliweka telefone chini ya kiti chake, nikarekodi. Nikakata kile kilio, nikakirudisha-rudisha, nikakitia ngoma. Jamani, ilikuwa tamu! Mpaka leo iko tamu, hapo njo shida.

Labeli ikaitoa. Watu wa mbali wakacheza, wakamusifu sana "yule mwimbaji". Tanti sikumuuliza. Nilijiambia mambo ya internet haiwezi kufika mu kartie yetu, huku mutaani.

Ikafika na pikipiki. Tanti alipanda pikipiki ya motari mumoja kwenda sokoni, akajisikia analia ndani ya spika. Akauliza ni nani amekufa. Motari akamujibu hakuna, mama, ni ya kuchezea.

Kwetu kulia bila maiti ni kuita maiti. Tanti hakunitukana. Alikuja kwangu, akakaa kwa heshima, akaniomba niirudishe sauti yake.

Nikaandikia labeli. Ni watu wazuri: waliiondoa, wakaomba pardon. Lakini wale walioichukua wako nayo, na mmoja ameshaitengeneza muziki ya kumusaidia mutu kupata usingizi. Tanti akasema huyo aangalie asilale moja kwa moja.

Nilicheka, nikafikiri imeisha.

Halafu kaka yake wa Bogoro akafariki. Tukajaa uwanjani, wote tunamungojea Tanti. Wamama wakamubembeleza aanze. Akaninyoshea kidole.

"Muombeni huyu. Sauti yangu iko kwake."

Watu wakacheka kidogo, wakizani anatania. Miye pia nilicheka. Lakini hakufungua kinywa tena, na hakuna aliyesubutu kuanza mbele yake. Tulimuzika muzee bila mutu kumuita majina yake. Nilisikia aibu, mpaka leo sijaisha kuisikia.

Weye mwenye mashini na labeli yako, uliza kwanza. Mwenye sauti akikataa, futa. Na ukikuta mutu analia kwa matanga, zima telefone, ulie naye.