Kifungu Nilichokiandika Dubai

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwasemea wenye maghala na machimbo ya mawe katika kaunti yetu. Kila mswada wa fedha ulipofika bunge la kaunti, mimi ndiye niliyewaandama wawakilishi wa wadi mpaka tozo iliyowaudhi wateja wangu iondolewe. Kwenye kadi niliandikwa mshauri wa sera za kodi. Mama yangu aliwaambia watu nafanya kazi serikalini, nami sikumsahihisha.

Mwaka mmoja tuliipeleka kamati ya fedha Dubai, tukaiita semina. Semina yenyewe ilikuwa asubuhi moja tu. Zilizobaki zilikuwa siku za maduka. Mwenyekiti alitaka suti, nikampeleka kwa fundi wa nguo katika mtaa wa Satwa. Akiwa amesimama, anapimwa mabega, nilimsomea kifungu nilichokiandika usiku uliotangulia: ada ya maghala ishuke, na pengo lizibwe na wachuuzi wa soko kuu, kwenye ile ada yao ya kila siku.

"Hao hawatapiga kelele?" akaniuliza.

"Watapiga wiki moja."

Akacheka. Fundi akamwomba asitikisike.

Hotelini alikuwepo dada mmoja aliyetuhudumia chai. Alipotusikia tukiongea, alingoja wenzangu waondoke, akanisogelea.

"Sir, samahani. Nyinyi ni wa kwetu?"

Kumbe alitoka kaunti yetu hasa. Mama yake aliuza mboga soko kuu, na ndiye aliyemlelea watoto wake wawili. Akaniomba nimfikishie mheshimiwa ujumbe: paa la soko linavuja, akina mama wananyeshewa pamoja na bidhaa zao.

"Mwambie tu kwa upole," akasema.

Nikatoa daftari, nikaandika, kwenye ukurasa ulioelekeana na kile kifungu. Machozi yalimlenga aliponiona naandika. Tangu hapo kila asubuhi aliniletea mayai bila kuombwa. Niliyala.

Mwenyekiti sikumwambia neno. Kifungu kilipita kama kilivyokuwa.

Mwaka uliofuata nilirudi hoteli ileile na wajumbe wengine. Nilimwona kabla hajaniona, nikatamani kurudi kwenye lifti. Alinisalimia kwa furaha kweli. Kisha akanieleza kwamba mama yake ameacha kibanda, ada imemshinda. Sasa anatandaza gunia kando ya barabara, na askari wa kaunti wanamfukuza kila siku.

"Lakini uliwaambia, sir, sivyo?"

"Niliwaambia," nikasema. "Hawakusikia."

"Asante hata kwa kujaribu. Mungu akubariki."

Akanimiminia chai, nikainywa mpaka ikaisha kwa sababu alikuwa bado amesimama pale. Nilikaa katika kazi ile miaka mingine mitatu. Safari za Dubai ziliendelea, ila nilichagua hoteli nyingine. Wateja wangu walipouliza sababu, niliwaambia ile ya zamani iko mbali na maduka.