Nyumba ya Galu Iliyonijibu kwa Kiingereza

Kabla hujaanza kucheka, nakuomba kitu kimoja: muulize mtu yeyote wa kwetu Mwabungo kama mimi ni muongo. Watakwambia naota sana, ndiyo, naota hata nikiwa macho, nachota maji huku nawaza ndege. Lakini muongo, hapana. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba na nusu mchana, jua likiwa juu ya utosi, shati langu nimelipiga pasi mara mbili. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na miraa sitafuni.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kidato cha nne nilimaliza, na alama zangu zilikuwa za mtu kunyamaza nazo. Nilikuwa nikisaidia kwenye chekechea moja pale kijijini: kuimbisha watoto, kuwafuta makamasi, kuwafundisha rangi na wanyama kwa Kiingereza. Na nilikuwa na ndoto moja tu, kwenda nchi ya mbali nikafundishe Kiingereza. Naam, Kiingereza! Mimi niliyezaliwa na Kidigo, Kiswahili nikakipata barazani na kwenye chuo cha Kurani, na Kiingereza nikakiokota kidogo darasani na kidogo kwa watalii wa hoteli za Diani. Vijana wenzangu waliniita Mwingereza wa Mwabungo. Nikipita wanasimama, wananipigia saluti. Nilicheka nao, ningefanyaje?

Nilisoma kozi ya ualimu kwa simu miezi minne, nikapata cheti, nikaanza kuomba kazi. Shule ya kwanza waliniita kwa video. Mzee mmoja akanisikiliza kama dakika mbili, akaniambia kwa upole kwamba wanatafuta mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, akakata. Nililia, sioni haya kusema. Kisha ikaja ya pili, shule ndogo ya watoto huko Kambodia. Wakanipangia usaili siku ya Jumatano, saa nane mchana kwa saa zetu. Waliandika kwamba wanapendelea aliyezaliwa na Kiingereza, lakini watanisikiliza. Hiyo "lakini" niliishika kama mtoto anavyoshika kanga ya mamake sokoni.

Nyumbani mtandao ni wa kuvizia na majirani na kelele zao hawana habari ya usaili. Shangazi yangu Mwanakombo, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuwa akitunza nyumba moja ya wageni huko Galu. Wenyewe wako ng'ambo, huja mwezi wa Disemba tu. Miezi mingine yeye hufagia, hufungua madirisha, hufunga. Ina mtandao wa nguvu. Alimwomba mwenye nyumba ruhusa, akapewa. Siku ile yeye alikuwa na kliniki ya presha Msambweni, basi akaniachia ufunguo na kuniombea dua mlangoni.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu, nyumba iliyokaa imefungwa haiingiwi kimya. Hata ukijua fika kwamba hakuna mtu, unasimama mlangoni, unapiga hodi mara tatu, unatoa salamu, ndipo unatia mguu. Hatuambiwi sana kwa nini. Tunafanya tu, kama unavyonawa kabla ya kula. Na mimi siku hiyo, kwa kichaa changu cha usaili, niliwasha mdomo tangu barabarani nikijizoeza. Nikafungua kufuli, nikasukuma mlango, nikaingia nikisema kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa kabisa: "Habari za mchana, nimefurahi sana kuwa hapa."

Sauti ya kike ikanijibu kwa Kiingereza: "Habari za mchana. Karibu ndani."

Alikuwa mama wa makamo, mtandio mweupe kichwani, ameketi kwenye kiti kando ya dirisha. Nilijua moja kwa moja ni mgeni wa wenyewe na shangazi hakuambiwa. Najua unachotaka kuniuliza. Ndiyo, miguu niliitazama! Ilikuwa miguu ya kawaida, si kwato, yenye hina. Kilichonishangaza ni Kiingereza chake. Kilikuwa kimenyooka, kimelainika, kama wale wasomaji wa habari wa zamani kwenye redio. Uso ni wa dada zetu wa Msambweni, sauti ni ya ng'ambo.

Aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia yote, hata yule mzee wa dakika mbili. Mimi nikiulizwa kwa upole humwaga mpaka mwisho. Nikamaliza kwa kusema, "Laiti ningekisema kama wewe."

"Basi chukua," akasema, akapitisha kidole kooni mwake.

Koo langu likapoa kama nimemeza barafu. Nikafungua mdomo kumshukuru, na, niamini, sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa yake, kwa unene wa kiume. Kila neno limekaa mahali pake. Nikasema jina langu, nikasema rangi zote, nikasema wanyama. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilijiona tayari nimeshuka uwanja wa ndege na sanduku langu.

Simu ikaita. Shangazi.

"Haloo, baba! Umefika salama?"

Nikataka kumwambia nimefika. Kikatoka Kiingereza.

"Eeh, nimesikia, umeiva. Madirisha umefungua?"

Nikajaribu tena. Kiingereza. Nikajaribu Kidigo, Kiingereza. Nikajaribu kumwamkia tu, shikamoo, neno nililomwambia kila asubuhi ya maisha yangu, nalo likageuka njiani.

"Wacha mzaha, niko kwenye foleni na chaji inaisha."

Nikamsikia mama mwingine kando yake akiuliza, "Huyo ni mzungu wako, Mwanakombo?"

"Mzungu gani! Mtoto wa kaka yangu huyu, kazaliwa Mwabungo mikononi mwa mkunga. Leo ana usaili, kichwa kimevimba."

Foleni nzima ikacheka. Na mimi machozi yakanitoka, nikaanza kulia kwa kwikwi. Kilio changu shangazi anakijua. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyegeukia ukuta:

"Baba. Humo ndani uliingia vipi? Ulipiga hodi?"

Nikatikisa kichwa, kana kwamba simu ina macho.

"Hukupiga. Ya Rabi. Sikiliza, toka nje, ufunge mlango, uanze upya kama mtu aliyelelewa na watu. Unanisikia? Kizungu chako mimi sikijui. Ukibaki hivyo, jioni nitazungumza na nani?"

Chaji ikaisha.

Nikageuka. Yule mama alikuwa ananitazama bila hasira yoyote. Wakati huo ndipo nilipoona kwamba kile kiti bado kimefunikwa shuka la vumbi, na pale alipokalia, shuka halina hata mkunjo.

"Imebaki robo saa," akasema. "Kaa hivyo hivyo na kazi ni yako. Hodi utaifanyia nini huko unakokwenda?"

Nikwambie ukweli? Niliwaza. Wallahi niliwaza. Robo saa tu, niongee na wale watu, wanipende, kisha mengine tutajua. Ungekuwa wewe usingewaza? Nilikuwa nimeichungulia ile sauti maishani mwangu mote kama mtoto maskini dirishani mwa duka la vitamu. Lakini nikamwona shangazi jioni, kakaa na kikombe chake cha chai ya tangawizi, ananisimulia foleni ilivyokuwa, nani kamsukuma nani, na mimi namjibu kwa lugha ya redio. Miguu ikanitoa nje yenyewe. Nikafunga mlango.

Hodi ikakataa.

Nilijua neno, nililiona kichwani limesimama, lakini kila nikifungua mdomo linatoka jingine, la Kiingereza, laini. Mara nne, mara tano. Jasho likaloanisha lile shati. Nikaketi kizingitini, na hapo akanijia Nuru.

Nuru ni mtoto wa chekechea yetu aliyekaa muhula mzima hasemi. Walimu walimwacha, wakasema ni wa hivyo. Mimi nilikuwa nakaa naye chini, naweka mkono wake kifuani pangu asikie ngurumo ya sauti, tunapiga makofi, hatusemi neno, tunasema vipande. Pumzi kwanza. Halafu mdomo uwe duara. Kofi. Muhula wa pili alisema "maji", na nusura nizimie kwa furaha.

Basi nikajifanya Nuru. Nikaweka mkono kifuani. Pumzi. Mdomo duara: ho. Kofi. Ulimi nyuma ya meno: di. Kofi. Mtu angepita angesema kijana wa Mwanakombo kapata wazimu, anapiga makofi peke yake mlangoni jua la saa saba. Ho, kofi, di, kofi. Barafu ya kooni ikaanza kuyeyuka. Nikasimama.

"Ho-di."

Kimya.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, wenyewe! Assalaam aleikum!"

Na kutoka ndani, sauti ile ile, sasa kwa Kiswahili cha wazee wetu, cha pole pole na chenye staha, ikajibu: "Wa aleikum salaam. Karibu, mwanangu. Ungeanza hivyo, nami ningekukaribisha hivyo."

Nilipoingia hapakuwa na mtu. Kiti, shuka, dirisha, basi. Ningekimbia? Miguu ilitaka. Lakini nilikuwa nimekaribishwa, na saa nane ilibaki dakika tatu.

Aliyenisaili alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe, mama wa Kikambodia mwenye miwani. Mimi nilikuwa nimerudi na Kiingereza changu cha Mwabungo, kinachochechemea, na nilisikia kila kosa. Hakukawia. Akaniuliza wazi: wazazi wa watoto wake wanataka mwalimu aliyezaliwa na lugha hii, yeye awaambie nini kuhusu mimi?

Majibu niliyoyakariri yalitoroka yote. Nikamwambia, "Mama, waambie mimi najua mdomo ukikataa mtu anahisi nini. Robo saa iliyopita wangu ulikataa neno nililozaliwa nalo." Nikamweleza habari ya Nuru, nikamwonyesha makofi. Habari za yule wa kwenye kiti sikuzigusa, mimi si mjinga kiasi hicho. Mwalimu mkuu akavua miwani, akasogea karibu na kamera. Kisha akaweka mkono wake kifuani, akapumua, akapiga kofi, akatamka pole pole neno la kwanza la Kiingereza ambalo lilimtesa utotoni. Tukacheka wote wawili. Nilimsikia vizuri wakati huo: naye Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, na alikuwa anaongoza shule nacho.

Wiki ya pili barua ya kazi ikaja. Shangazi aliishika juu chini, akaibusu, akawasomea majirani ingawa hakujua kilichoandikwa. Mambo ya Galu nilikuwa nimemweleza yote jioni ile ile ya usaili. Hakushangaa sana. Kesho yake, Alhamisi, alikwenda, akapiga hodi, akafukiza ubani, akafagia kama kawaida. Bado anafanya kazi kule, na anasema hajawahi kusumbuliwa.

Huu ni mwaka wangu wa pili huku. Watoto wangu ni ishirini na sita, wananiita ticha, wanapiga makofi mpaka walimu wa jirani wanalalamika. Nimefurahi, sitakuficha.

Ila si kila kitu kilirudi siku ile. Kuna jina nililokuwa nikimwita shangazi utotoni, la Kidigo, la mapenzi. Yeye ananiambia lipo, nimemwita hivyo miaka ishirini. Kwenye simu hunitajia, na mimi kila mara nasikia pengo, kama mtandao umeruka, kisha sauti yake inaendelea. Alimwomba jirani aniandikie kwenye ujumbe. Naona herufi, nikizisoma haziungani. Siku ya kwanza tulilia wote. Sasa tumetunga jingine, na tunalitumia kwa nguvu ili tulizoee.

Kwa hiyo wewe mwenye ndoto kama yangu, nenda. Usingoje kuzaliwa upya, hakuna anayekungoja uzaliwe upya. Kiingereza chako cha kuokota kitakufikisha, na huko mbele kuna mtoto anayehitaji mwalimu aliyewahi kukwama. Lakini mtu akikuambia akupe kinywa kingine bure, mwambie ahsante, umeshakula. Na ukitia ufunguo kwenye nyumba iliyofungwa, iwe Galu au huku niliko, simama kwanza upige hodi kwa lugha ya kwenu, mara tatu, hata wenzako wakucheke. Mimi mlango wa darasa langu naufungua hivyo kila asubuhi, kabla watoto hawajafika. Mpaka leo hakuna aliyejibu, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa kimya hicho, kisha nawasha taa.